Nguo Ifuate Mwili, Si Mwili Ufuate Nguo

Ndugu wasomaji, mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya hatutazungumzia malaria wala kipindupindu. Tutazungumzia nguo. Huenda mtu akauliza: wauguzi na nguo, wapi na wapi? Tunaomba uvumilivu, maana jambo hili lilitufikia mezani likiwa na sura ya ugonjwa.

Mama mmoja wa Mgogoni, hapa Pemba, alimleta kwetu binti yake wa miaka 13. Kila Jumatatu asubuhi tumbo lilimuuma, na kila Ijumaa mchana lilipona lenyewe. Tulimpima choo, mkojo na damu, hatukuona kitu. Tulipobaki naye peke yake akatuambia kwa sauti ndogo: "Mama, sketi yangu ya skuli inaishia nusu ya muundi, na mikono ya blauzi haifiki kwenye vifundo. Wenzangu wananiita mlingoti." Basi ugonjwa tukaujua. Fundi aliyeshona sare ile hakumpima mtoto. Alimuuliza mama yake tu, "Yuko darasa la ngapi?" kisha akakata kitambaa.

Dawa yake haikuwa vidonge. Sketi ilifunguliwa upindo, ikaungwa kipande cha kitambaa cha rangi ile ile, na blauzi ikatiwa mikono mipya. Jumatatu iliyofuata tumbo halikuuma. Lakini sisi tulibaki tukijiuliza: ni wangapi wanaokosa skuli, Misa, mkutano wa jumuiya, hata kliniki, kwa sababu hawana nguo inayowatosha, nao wanaona haya kusema?

Saizi ilitoka wapi?

Watu wengi nguo isipowatosha huulaumu mwili. Mnene hujiona amekosea kunenepa, mfupi hujiona amepungukiwa, mrefu hujikunja mabega ili asionekane. Yafaa tujue kwamba namba iliyoandikwa kwenye kola ya nguo haikushuka kutoka mbinguni. Ni mapatano ya wafanyabiashara tu, tena hawapatani wote. Gauni la namba 12 la Uingereza hukaribiana na namba 8 ya Marekani na namba 40 ya nchi nyingi za Ulaya. Mitumba ya soko moja imetoka katika nchi hizo zote. Kwa hiyo dada anayesema "mimi ni namba 12" bado hajasema kitu.

Huko Marekani, katika miaka ya 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ilipima wanawake wapatao 15,000 ili kupata vipimo vya nguo za kushonwa viwandani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941, na wastani wake ulihesabiwa kwa wanawake weupe peke yao. Vipimo hivyo vilisaidia kuweka kiwango cha saizi cha mwaka 1958, ambacho chenyewe kiliondolewa mwaka 1983. Je, tushangae gauni lililokatwa kwa kufuata wastani wa watu wengine likimbana mama wa Pemba makalioni na kumpwaya kiunoni? Kosa si la mama. Mwili wake haukuwamo katika hesabu.

Bibi zetu walilifahamu jambo hili. Doti ya kanga haina saizi. Anaivaa mwembamba, anaivaa mnene, anaivaa mjamzito tangu mwezi wa kwanza hadi wa tisa, na akijifungua mtoto hubebwa kwa kanga ile ile. Kanga huufuata mwili. Nguo za kushonwa nazo hatuna budi kuzifundisha adabu hiyo.

Tepu kwanza, mkasi baadaye

Ushauri wetu wa kwanza ni huu: fundi asikate kitambaa kabla ya kupima. Asipime kwa macho, wala kwa umri, wala kwa nguo ya ndugu. Nawe ukipimwa usivute tumbo ndani wala usiseme "nibanie kidogo, nitapungua". Nguo ni ya mwili ulio nao leo.

Kwa watu wafupi: kupunguza upindo peke yake hakutoshi. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, usiteremke mkononi, na kiuno cha gauni kikae kwenye kiuno chako, si kwenye nyonga. Mtu mzima mfupi asipelekwe kwenye nguo za watoto, kwa sababu kifua na nyonga zake ni za mtu mzima. Nguo ndefu mno ni hatari pia: huangusha watu kwenye ngazi, na huingia motoni mama anapoinama kwenye jiko.

Kwa watu warefu: kosa la kawaida ni kununua nguo pana ili kupata urefu. Ukifanya hivyo utakuwa ndani ya gunia, na mikono bado itakuwa mifupi. Mwambie fundi apime mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, na mkono kutoka begani hadi kwenye kifundo. Kwa kijana anayekua, aachiwe upindo mpana wa kufungua mwakani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunasoma kwamba Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea mwaka hadi mwaka. Mama yule alifahamu kwamba mtoto wa mwaka jana siye wa mwaka huu.

Kwa watu wanene: vipimo vichukuliwe mahali palipo panene zaidi, yaani kifuani, tumboni, nyonga na mkono wa juu, tena upimwe ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, maana tumbo na nyonga hupanuka mtu akikaa. Iachwe nafasi ya kupitisha vidole viwili bila shida. Lakini msivishwe hema! Nguo pana kupita kiasi huteremka mabegani na kumzuia mtu kufanya kazi. Mapaja yakisuguana na kuchubuka, vaeni ndani bukta ndefu ya pamba.

Kwa wanaonunua mitumba: chagueni nguo inayowatosha sehemu yenu iliyo pana zaidi, kisha fundi apunguze kwingine. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Igeuzeni nguo ndani muone kama mshono umeachiwa kitambaa cha ziada. Kabla ya kuivaa ifuliwe kwa sabuni, ianikwe juani na kupigwa pasi. Nguo za ndani za mitumba msinunue kabisa.

Nguo ikiwa tayari, ijaribuni hivi: inueni mikono juu, kaeni, inameni, tembeeni, kisha pigeni magoti. Nguo ambayo haiwezi kupiga magoti si nguo ya kwenda nayo kanisani.

Nguo mbaya huleta maradhi

Hapa Pemba kuna joto na unyevu. Nguo ya nailoni inayobana hukusanya jasho, na fangasi hupenda mahali pa namna hiyo: kwenye kinena, chini ya matiti, katikati ya vidole. Mkanda au lastiki inayokaza tumbo huongeza kiungulia. Sidiria inayombana mama anayenyonyesha huweza kuzuia maziwa, na ziwa likavimba kwa maumivu na homa. Mwenye kisukari akivaa kiatu kinachobana anaweza kupata kidonda asichokisikia, na tumeona vidonda vidogo vya namna hiyo vikiishia kwenye kukatwa mguu.

Tusiwasahau wenye matende na mabusha. Zanzibar ilianza mwaka 2001 kuwagawia wananchi dawa za kuzuia maambukizo ya ugonjwa huu mara moja kwa mwaka. Lakini mguu uliokwisha kuvimba haurudi kwa vidonge peke yake. Mgonjwa anahitaji kuuosha kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri hata katikati ya vidole, kuuinua anapopumzika, na kuvaa kiatu kipana kisichochubua. Anahitaji pia suruali au gauni lililokatwa kwa kufuata mguu wake, ili atoke nje aonane na watu. Mwenye busha ajue kwamba upasuaji upo. Asijifungie nyumbani kwa sababu ya suruali.

Nguo ni mjumbe

Kuna jambo jingine. Mara nyingi nguo hutangulia kutoa habari ambayo mwili bado haujaisema kwa maumivu. Mjamzito akiona pete haivuki kidoleni na uso umejaa, tena kichwa kinauma au macho yanaona ukungu, asinunue viatu vipana akanyamaza. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu hizo zaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Mtu ambaye suruali inamteremka bila kufunga wala kupunguza chakula, naye anakohoa au ana kiu na kukojoa sana, apimwe kifua kikuu na kisukari. Na ambaye kila mwaka anatoboa tundu jipya mbele kwenye mkanda, apimwe shinikizo la damu.

Tepu ya fundi yaweza kutusaidia hapa. Kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke asiye mjamzito, au 94 kwa mwanamume, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kuongezeka. Tunasema hivi si kwa kumtia mtu aibu. Mwili unene una haki ya nguo nzuri leo, na una haki ya kupimwa leo. Hatuoni sababu ya kumwambia mtu apungue kwanza ndipo apendeze.

Sare zetu je?

Sasa tuseme lile linalotukereketa. Parokia zetu zinapenda sare: za kwaya, za WAWATA, za vijana, za Komunyo ya Kwanza. Ni jambo jema. Lakini kitambaa hugawanywaje? Kila mtu hukatiwa yadi zile zile. Mwembamba hubakiwa na kipande cha kutengenezea mto. Mama mnene huambiwa aongeze fedha, tena mbele ya watu, na kicheko juu yake. Siku ya sherehe haonekani. Tukiuliza, tunaambiwa anaumwa. Tunaufahamu ugonjwa huo: ni ule wa binti wa Mgogoni.

Sisi tunaona hivi. Wote wachange sawa, kitambaa kinunuliwe kwa jora, na fundi agawe kwa kufuata vipimo vya kila mmoja. Kinachobaki kwa mfupi kimkamilishe mrefu, kinachobaki kwa mwembamba kimkamilishe mnene. Atakuwapo wa kusema, "Kwa nini nilipie mwili wa mwenzangu?" Tumjibu kwa upole kwamba sare si duka, ni ishara ya umoja. Matendo ya Mitume yatuambia kwamba Wakristo wa kwanza waligawiana kila mmoja kwa kadiri ya haja yake, si kwa kadiri ya wastani. Na upimaji ufanyike faraghani: wanawake wapimwe na mwanamke, vipimo viandikwe daftarini, visitangazwe.

Tena tuache majina. Kibonge, mlingoti, kinu, kijiti: majina haya huanzia nyumbani, kwa mzaha wa wazazi na mashangazi, kisha yanamfuata mtoto skuli. Hatujapata kuona mtoto aliyerefuka wala aliyepungua kwa kuchekwa. Tumeona waliougua.

Tumalizie kwa Daudi. Siku alipokwenda kupigana na Goliathi, mfalme Sauli alimvika vazi lake la vita. Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote wa Israeli, mabega na kichwa juu. Daudi alikuwa kijana. Akajaribu kutembea, akashindwa. Hakuona aibu, wala hakusema mwili wake una kasoro. Alivua, akaenda na kombeo lake, akashinda. Wengi wetu tunatembea ndani ya vazi la Sauli, tukidhani kosa ni letu.

Basi akina baba na akina mama, kabla ya kununua sare za mwaka ujao, waiteni watoto mmoja mmoja, muwapime. Na wewe mama unayekosa sherehe kwa sababu ya kitambaa, njoo kama ulivyo. Wanajumuiya tutalitafuta jora.