Ufanisi wa Ndege Huanzia Tangini

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa kiholela katika maandishi yetu ya kisayansi ni neno "ufanisi". Ofisi ina ufanisi, mwalimu ana ufanisi, injini nayo ina ufanisi. Mwanafunzi wa tafsiri akikumbana na dhana ya mashine itoayo kazi nyingi kwa mafuta machache, huandika "ufanisi" na kusonga mbele. Sina ugomvi na istilahi yenyewe. Ninalolalamikia ni kwamba tumelisahau shina lake. Kitenzi ni "fana": harusi ilifana, mavuno yalifana. Kilichofana ni kile kilichofika mwisho wake vyema. Nionavyo mimi, maana hii ya asili inawafaa waundaji wa ndege ndogo kuliko ile finyu ya vitabu vya uhandisi, na ndiyo ninayonuia kuitetea katika makala haya.

Msomaji asishangae kusikia kwamba wapo watu wanaojiundia ndege. Nchini Marekani, chama chao kiliasisiwa mwaka wa 1953 katika jimbo la Wisconsin, na sheria za huko humruhusu mtu kuirusha ndege aliyoiunda gerejini mwake, mradi zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na waundaji wasio wa kiwandani. Mtu huyo hukabiliwa na swali ambalo mnunuzi wa gari hajiulizi kamwe: nitie injini gani, na mafuta yaifikie kwa njia gani?

Sehemu ya kwanza ya swali hilo ndiyo inayopendwa na watu, kwa kuwa ina tarakimu za kujivunia. Chukua injini mbili mashuhuri. Continental O-200, iliyoendesha Cessna 150, hutoa nguvu-farasi 100 kwa mizunguko 2,750 kwa dakika, na silinda zake nne zina ujazo wa takriban lita 3.3. Rotax 912 ULS ya Austria hutoa nguvu-farasi 100 vilevile kutokana na lita 1.35 tu, ila huizunguka mihimili yake mara 5,800 kwa dakika. Rafadha (au pangaboi, kama wengi wetu tulivyoiita utotoni) haiwezi kuzungushwa kwa kasi hiyo, kwani ncha zake zingekaribia kasi ya sauti na kupoteza nguvu bure. Kwa hiyo Rotax hufungwa giabokisi inayopunguza mizunguko hiyo hadi chini ya 2,400. Ni nyepesi zaidi, hutumia hata petroli ya magari, na inastahili sifa zake nyingi. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: kila mwenye injini husifu injini yake, na aghalabu husahau kutaja kwamba kiasi cha mafuta huamuliwa pia na umbo la ndege na papara ya rubani. Ndege inapokwenda kasi, nguvu inayohitajika kuishinda hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi hiyo. Anayetaka kuongeza mwendo kwa asilimia 10 anadaiwa takriban thuluthi moja zaidi ya nguvu. Hakuna injini iwezayo kumsamehe deni hilo.

Kwetu Kenya kuna jambo jingine. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo iliyoandikwa "100" kitabuni hutoa yapata 83. Jua la mchana likiipasha hewa joto, hupungua zaidi. Kabureta ya kawaida haijui kwamba imepanda mlima. Huendelea kumwaga mafuta kama iliyoko Mombasa, hadi rubani mwenyewe ayapunguze kwa wenzo. Asipofanya hivyo, huunguza petroli pasipo faida na kuzichafua plagi.

Hata hivyo, sehemu ya pili ya swali, yaani njia ya mafuta, ndiyo inayotenganisha ndege iliyofika na isiyofika. Mwaka wa 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia bila kutua wala kuongeza mafuta, kwa ndege iitwayo Voyager. Haikutoka kiwandani, ilibuniwa na Burt Rutan, nduguye Dick, na kuundwa katika hangari huko Mojave, California. Iliruka tarehe 14 Desemba na kurejea tarehe 23. Ilipoondoka ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4,400, ambapo zaidi ya kilo 3,100 zilikuwa mafuta, yaliyogawanywa katika matangi 17. Injini ya mbele ilisaidia kuunyanyua mzigo huo, kisha ikazimwa, na ya nyuma ikaendelea peke yake. Huo ni ustadi wa kupigiwa mfano. Lakini katika saa za mwisho, wakipita karibu na pwani ya Meksiko, mafuta yaliacha kuifikia injini ya nyuma, nayo ikazima. Ndege ikaanza kushuka gizani. Waliokolewa na ile injini ya mbele, walipofaulu kuiwasha. Mafuta yalikuwemo bado. Yalikosa njia tu.

Burt Rutan huyohuyo alibuni pia Long-EZ, ndege ndogo ya viti viwili ambayo watu wengi walijiundia. Moja ya hizo ilimuua mwanamuziki John Denver tarehe 12 Oktoba 1997 katika Ghuba ya Monterey. Wapenzi wa muziki wa kantri nchini hawahitaji kuelezwa alikuwa nani. Aliyeiunda ndege hiyo hakutaka mabomba ya mafuta yapite mbele kwa rubani. Hivyo vali ya kuchagua tangi aliiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Vipimo vya mafuta havikuwa na alama. Denver, aliyekuwa ameinunua karibuni, alikataa kuongezewa mafuta kabla ya kuruka. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walihitimisha kwamba alipokuwa akijipinda kuifikia vali hiyo, aliukanyaga usukani wa mguu wa kulia bila kukusudia, na ndege ikapiga maji. Kwa kipimo cha lita kwa saa, Long-EZ ilikuwa miongoni mwa ndege za bei nafuu zaidi kuziendesha duniani. Je, safari ile ilifana?

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaodhani kwamba kila jipya ni bora. Mwaka wa 2012 Rotax ilileta 912 iS, ambayo kompyuta yake huyapima mafuta kabla ya kuyanyunyizia ndani ya injini. Hutumia machache kuliko yenye kabureta, hilo sikatai. Lakini pampu zake hutegemea umeme, na mafuta yanayobaki hurudishwa tangini. Muundaji asipohakikisha kwamba yanarudi katika tangi lilelile yalikotoka, tangi lililojaa litafurika na kumwaga nje akiba yake, ilhali jingine linakauka. Aliye na fundi mahiri na fedha za kutosha na aitumie.

Ningalikuwa naunda yangu Wilson, ningechagua bawa la juu ili mafuta yateremke yenyewe, matangi mawili yasiyozidi hayo, na injini ya kabureta ambayo fundi aweza kuifungua kwa spana. Vali ningeiweka mbele ya magoti, mahali ambapo mkono hufika bila jicho kuiacha anga.