Mpunga umejaa shambani, mtoto anashinda njaa

Kengele ya saa nne asubuhi ikilia katika shule ya msingi ya kutwa kwenye tambarare za wilaya ya Kyela, Tanzania, watoto hawakimbilii upande mmoja. Wapo wanaokwenda jikoni na vikombe vyao vya plastiki, kwa kuwa wazazi wao wamo kwenye daftari la waliochangia uji. Wengine huzunguka nyuma ya madarasa. Kama ni msimu wa maembe, wanaokota maembe. Kama kuna mkakao karibu, wanapasua tunda na kufyonza utelezi mtamu unaofunika mbegu. Utamu huo haukai tumboni. Ikifika saa saba mchana, mwalimu wa hisabati yuko ubaoni na hao waliokosa uji wamelalia madawati.

Jambo hili linatokea katika wilaya ambayo mchele wake unasifika nchi nzima. Mvua hapa huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashusha rutuba mpaka ufukweni, migomba imezunguka nyumba, mawese yanakamuliwa uani, na Ziwa Nyasa linatoa usipa. Mgeni anayeshuka kutoka Tukuyu akauona ukijani huo hawezi kuamini kwamba kuna mtoto anayeshinda bila kula.

Lakini chakula kilichopo shambani hakifiki chenyewe kwenye sahani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ukiwa asilimia 30 kwa nchi nzima, huku Iringa ikiwa na asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Yote hiyo ni mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ukanda ule ule wa Kyela, unaolisha miji mikubwa ya nchi.

Kwa mkulima mdogo wa Kyela, mpunga ni chakula na ndiyo pesa yenyewe. Unavunwa kuanzia Mei, na sehemu kubwa inauzwa papo hapo kulipa madeni ya msimu. Januari, shule zinapofunguliwa, ghala la nyumbani limebaki vumbi. Mwezi huo huo panatakiwa sare, madaftari, na nguvu ya kupandikiza mpunga. Juu ya yote hayo, shule inadai mahindi, maharage na fedha ya mpishi.

Serikali ilipofuta ada kuanzia Januari 2016, ilibeba gharama za chakula kwa wanafunzi wa bweni. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikaachwa kwa wazazi na jamii. Kwenye karatasi mpango huo una mantiki, na ziko shule ambazo wazazi wameutekeleza vizuri. Kasoro yake ni kwamba mtoto mwenye njaa kuliko wote ndiye ambaye kwao hakuna cha kuchangia. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unazipa kaya maskini ruzuku kwa sharti kwamba mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mtoto anatimiza sharti, anafika, kisha anakaa darasani na njaa.

Faida ya kulisha watoto shuleni imepimwa, na si mbali na hapa. Katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, watafiti walilinganisha shule za awali 25 zilizopewa uji na 25 zisizopewa. Mahudhurio kwenye shule zenye uji yalikuwa juu kwa takriban asilimia 30. Alama za mitihani, hata hivyo, zilipanda pale tu mwalimu alipokuwa na mafunzo mazuri. Uji haufundishi kusoma. Unamleta mtoto mbele ya mwalimu akiwa na nguvu ya kusikiliza, na hapo kazi ya mwalimu inaanza.

Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 unamtoza mzazi shilingi 5 za Kenya kwa mlo, gharama nyingine inabebwa na kaunti na wabia wake. Karibu zaidi, ng'ambo ya mto Songwe, shirika la Mary's Meals lilianza Malawi mwaka 2002 na watoto 200, na leo linawapa uji wa mahindi na soya zaidi ya watoto milioni moja nchini humo. Wanaojitolea wanapika, na mtoto haulizwi kama mzazi wake amechangia. Ni fedha za wafadhili, kweli, na wafadhili huondoka. Ndiyo sababu Kyela inapaswa kuanza na fedha yake.

Na fedha ipo. Wanaosema mzazi awajibike kwa mtoto wake wasisahau kwamba mzazi huyo ameshachangia kupitia ushuru wa halmashauri unaokatwa kwenye mpunga na kakao. Machi 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, kisha baadaye ikaporomoka. Mwaka wa neema kama ule ndio wa kutenga akiba ya chakula cha shule, itakayowavusha watoto mwaka bei ikianguka.

Sheria pia inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kinaweza kukopeshwa majiko yasiyotumia kuni na kupewa kazi ya kupikia shule mbili tatu za jirani. Mashine za kukoboa zinatoa chenga, ambazo ni rahisi kuliko mchele mzima na zinafaa kwa uji. Usipa mkavu ukisagwa unaongeza protini kwenye sufuria ile ile.

Mpunga wa shule ununuliwe Juni, ukiwa mwingi na bei iko chini. Wauzaji watakuwa wakulima hao hao ambao watoto wao, Januari ikifika, watapanga foleni jikoni wote pamoja bila kuulizwa majina.