Mume na Mke Wavuka Ruzizi Kwenda Kutazama

Mzazi mmoja wa kandokando ya ziwa ametuandikia barua. Auliza kama yafaa mtu mwenye mshahara wa mwalimu, mwenye watoto wa kulipia shule, kutumia feza kwa safari isiyo ya biashara, wala ya ugonjwa, wala ya msiba, bali ya kutazama miji tu. Tena auliza kama ni heshima kufuatana na mkewe katika safari ya namna hiyo. Hatutamjibu kwa maneno ya vitabu. Tutamsimulia safari yetu wenyewe, naye atapima.

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2019, wakati wa likizo kubwa. Twakaa Uvira, na usiku ukiwa mweupe twaziona taa za Bujumbura ng'ambo ya maji. Sisi tulikwisha kufika huko mara nyingi kutafuta vitabu vya kufundishia. Mama wa watoto wetu, ambaye huuza ndagala pale Kalundu, hakupata kuvuka hata siku moja tangu tulipooana, na sababu yake hatukuijua, kwa maana hatukumwuliza. Twaungama kosa hilo. Siku tuliyomwambia habari ya safari alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba watoto, huko wanasema Kifaransa. Nitakuwa bubu kando yako."

Mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipoingia Uvira, alikuwa darasa la nne. Wazazi wake walikimbia naye, wala hakurudi tena darasani. Sisi tulijifunza Kifaransa katika seminari ndogo, na tuseme kweli, twapenda watu watusikie tukikisema.

Tulivuka Kavimvira asubuhi. Mwaka ule ugonjwa wa Ebola ulikuwa ukiua watu Kivu ya Kaskazini, basi kila msafiri alinawa mikono na kupimwa joto la mwili kabla ya kupita. Tukabadilisha feza, tukapanda taksi. Gatumba tulipita kimya, maana usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 kutoka upande wetu waliuawa pale kambini. Mama watoto alifanya ishara ya msalaba, nasi tukafuata.

Kisha daraja la Ruzizi. Zamani wataalamu wa Ulaya walibishana sana kama mto huo waingia ziwani au watoka, kwa kuwa walitafuta chanzo cha Nili. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji hata huku kaskazini, wakaona kwa macho yao ya kuwa waingia. Kusini ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, liko jiwe kubwa lenye majina yao, kwa kuwa walilala pale tangu tarehe 25 mwezi ule. Wageni wengi hupiga picha wakidhani ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza, kumbe walikutana Ujiji. Jambo hilo tulilieleza kwa urefu mno. Mama watoto aliuliza tu: "Na wavuvi wa hapa hawakuwaambia mto unakwenda wapi?"

Bujumbura ilianza kuwa boma la Wadachi mwaka 1897, na jina lake lilikuwa Usumbura hata mwaka 1962, Burundi ilipopata uhuru. Ina barabara pana zenye miti, na kanisa la askofu la Regina Mundi. Soko lake kubwa la katikati liliteketea kwa moto Januari 2013. Tulipopita, mama watoto alisimama akatazama muda mrefu kuliko alivyotazama kanisa. Mwuza soko huwafikiria wauza soko wenzake.

Mchana tuliingia katika hoteli ndogo kula mukeke. Kijana aliyetuhudumia alimsalimu mama watoto kwa Kiswahili kizuri, akamwuliza angependa kula nini. Kabla hajafumbua kinywa, sisi tulijibu mahali pake, kwa Kifaransa, tena kwa sauti. Kijana akatutazama, akaandika. Mama watoto alikula bila kusema neno, na jioni hakusema neno. Usiku tulisikia tu: "Nilikuambia nitakuwa bubu. Lakini si wao walionifunga kinywa."

Wasomaji walio waume watatuelewa tukisema ya kuwa usiku ule ulikuwa mrefu.

Kesho yake alitangulia mbele. Alitaka kuona Buyenzi, kata ambayo tangu siku za Wabelgiji watu wake husema Kiswahili. Pale mafundi wa motokari hufanya kazi kandokando ya njia, na akina mama hutandaza biashara yao chini. Alimkuta mama mmoja mwenye ndagala kavu, akachota kiganja kimoja, akanusa, akauliza walianikwa juu ya mchanga au juu ya wavu. Wakaanza. Saa nzima walisemezana juu ya bei, na mvua inayoharibu samaki, na wanunuzi wanaokopa na kutoweka. Sisi tulisimama tukishika mfuko. Mama yule alipotutazama mwishoni alimwuliza: "Dada, huyu mzee ni wako?"

Siku ya tatu tulipanda basi kwenda Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya serikali tangu Januari mwaka ule ule. Njia yapanda mlima kwa mizunguko mingi. Vijana wa baiskeli hushika nyuma ya malori ili wavutwe mpaka juu, halafu hushuka na mizigo ya ndizi kwa mwendo wa kutisha. Mama watoto alifumba macho. Bugarama tulikuta baridi ambayo sisi watu wa ziwa hatuijui, tukanunua karoti kwa sababu tu zilikuwa nzuri.

Gitega jumba la makumbusho ni la mwaka 1955, si kubwa, na ndani yake mna vyombo vya siku za wafalme. Lakini kilichotushika ni Gishora, kilima kilicho karibu na mji, ambako tangu enzi ya Mfalme Mwezi Gisabo hulindwa ngoma. Wapigaji walikuja wamebeba ngoma vichwani huku wakizipiga, na ardhi ikatetemeka chini ya miguu. UNESCO iliziandika ngoma hizi mwaka 2014 miongoni mwa urithi wa mataifa yote.

Walipomaliza, mama watoto aliuliza mbona hakuna mwanamke. Huko bara Kiswahili ni haba kuliko ziwani. Aliuliza basi kwa kuchanganya Kiswahili na Kifuliiru cha mama yake, ambacho kina maneno mengi ya ujamaa na Kirundi, na mzee mmoja akamwelewa. Alimweleza ya kuwa amri ya rais ya Oktoba 2017 yakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Mama watoto alitikisa kichwa. "Na wanaozisikiliza?" Mzee akacheka sana. Kifaransa chetu hakikuhitajiwa mahali pale, wala hatukukitoa.

Jioni ya mwisho tulikaa ufukoni Bujumbura. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya milima ya Uvira, nayo ilisimama mirefu, ya buluu. Akasema: "Hivi mlima wetu ni mkubwa namna hii? Mtu akikaa chini yake hauoni."

Mwulizaji wetu ataka hesabu, naye ana haki. Safari ile ilikula feza za mabati ya jiko, na majirani walituchekea. Mvua zote zilizofuata jiko lilivuja. Halafu Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wengi wakafa, nyumba maelfu zikabomoka, na jiko letu likaenda na maji. Mabati yangalikwenda nalo. Hatusemi kwamba tulijua.

Desemba 2025 vita viliufikia tena mji wetu, na watu maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi. Sisi tulikuwa mbali kwa kazi, simu hazikupatikana. Mama watoto alivuka pamoja na watoto na mama mkwe wa jirani, bikizee asiyejua ila Kifuliiru. Siku ya pili usiku simu ililia. Alituambia wamefika, wote wazima, wameandikwa majina. Tukamwuliza ni nani aliyewasemea.

"Mimi," alisema. "Na wale wa nyuma yangu pia."