Soma ngazi kabla ya jina la kozi

Neno "kilimo" likiandikwa kwenye tangazo la chuo, peke yake halimwambii mzazi jambo kubwa. Chuo cha Kilimo Ilonga, kilichomo katika wilaya yetu hii ya Kilosa, hufundisha kilimo. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro nacho hufundisha kilimo. Aliyehitimu Ilonga kwa stashahada na aliyehitimu Sokoine kwa shahada, wanakijiji watawaita wote mabwana shamba, na huenda wote wawili wakautambua ugonjwa wa mahindi kwa kulitazama jani tu. Hata hivyo karatasi walizonazo hazilingani, miaka waliyoitumia haifanani, na mlango utakaomfungukia mmoja unaweza kumfungia mwenziwe.

Nayaandika haya kwa sababu kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hapa Kidete huniletea vipeperushi vya vyuo, na swali huwa lile lile: "Ustadhi, hii kozi nzuri?" Uzuri wa kozi hauwezi kujulikana kabla ya kujua ni ya ngazi gani, na cheti chake kinatambuliwa na nani.

Mpangilio wenyewe si mgumu kama unavyodhaniwa. Tuzo za mafunzo ya ufundi na vyuo vya kati nchini zimepangwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 10. Tatu za chini ni za ufundi stadi, ndizo za vyuo vya VETA kama kile cha Mikumi. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, na ya 6 ni stashahada, ambayo wengi wetu tunaiita diploma. Ya 7 ni stashahada ya juu, ya 8 ni shahada ya kwanza, ya 9 ni shahada ya uzamili na ya 10 ni ya uzamivu. Kijana wa kidato cha nne aghalabu huanzia ngazi ya 4 na kupanda moja kila mwaka, hivyo stashahada humchukua miaka mitatu. Mwenye kidato cha sita, akitimiza masharti, huweza kuifikia kwa miwili. Basi tangazo likimuahidi mtoto wa kidato cha nne stashahada kwa mwaka mmoja, mzazi na asimame hapo hapo aulize.

Yapo majina mawili yanayowachanganya hata watu wazima. La kwanza ni "stashahada ya uzamili", ambayo haisomwi na aliyetoka sekondari. Ni ya mtu ambaye tayari anayo shahada. La pili ni la mafundi. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, Gredi ya Tatu ndiyo iliyokuwa ya chini na ya Kwanza ndiyo ya juu. Katika tuzo za sasa hesabu imegeuzwa: ngazi ya 1 ndiyo ya kuanzia na ya 3 ndiyo kilele cha ufundi stadi. Mzee aliyepata Gredi ya Kwanza enzi zake anaweza kumpongeza mjukuu aliye ngazi ya 1 akidhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi hasa. Sharti la jumla la kuingia ngazi ya 4 ni kufaulu kidato cha nne kwa masomo yasiyopungua manne, kuanzia alama D, yasiyo ya dini. Maneno hayo matatu ya mwisho huandikwa kwa herufi zile zile ndogo, na mzazi huyapita. Kijana mwenye D ya Kiswahili, D ya Historia, D ya Jiografia na B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu amefaulu masomo manne kwenye karatasi ya matokeo, lakini mbele ya dirisha la udahili ana matatu. Nimewasikia wanaosema sharti hili limetungwa dhidi ya Waislamu. Sikubaliani nao, kwani ndugu zetu Wakristo wenye Maarifa ya Biblia huhesabiwa vivyo hivyo. Wala haifai mtu akalifanya kuwa hoja ya kumwachisha mwanawe somo hilo. Alisome, ila liwe juu ya masomo mengine, lisiwe mbadala wa Baiolojia au Hisabati aliyoikimbia. Hesabu hiyo ifanywe akiwa kidato cha tatu, wakati bado inasaidia.

Aliyekwisha kubaki na matatu hajapotea. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akatafuta lile moja lililopungua. Au aende ufundi stadi, ambako hata waliomaliza darasa la saba hupokewa katika fani kadhaa. Wengi huidharau njia hii bila kujua kuwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamruhusu mwenye cheti cha ngazi ya 3 ya ufundi stadi, aliyepungukiwa na ufaulu wa kidato cha nne, kuomba shahada iwapo baadaye amepata stashahada yenye wastani wa 3.0 au zaidi. Njia ni ndefu, lakini inafika.

Kosa jingine ni kutazama daraja pekee. Mzazi hufurahi kwa Daraja la Tatu la mwanawe, akamjazia fomu ya utabibu katika chuo cha pale Kilosa mjini, asijue kuwa utabibu unadai Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mtoto wa jirani mwenye Daraja la Nne, maadamu ana D katika hayo matatu na somo jingine moja, ana haki ya kuomba, ilhali yule wa Daraja la Tatu aliyefaulu Historia na Uraia hana. Si mara moja tu nimelazimika kulieleza jambo hili kwa mzazi aliyekwisha kulipa ada ya maombi.

Lakini linaloumiza zaidi ni cheti kisichotambuliwa. Yupo binti wa hapa kwetu ambaye baba yake aliuza mahindi ya misimu miwili ili asome kozi ya afya mjini. Chuo kilikuwa na jengo, sare na mahafali. Alipotaka kuendelea na shahada aliambiwa alete namba ya uhakiki wa tuzo, ile ambayo kila mwenye stashahada hupewa na NACTVET, Baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla ya kuomba chuo kikuu. Namba haikupatikana, kwa kuwa Baraza halikuwa na taarifa za kozi ile. Hapa pana tofauti ambayo vipeperushi havielezi: chuo kusajiliwa ni jambo moja, na kila kozi yake kupata ithibati ni jambo jingine. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi fulani ikifundishwa bila idhini. Kila mwaka Baraza hutoa mwongozo wa udahili wenye majina ya vyuo, kozi, masharti na ada, nao husomwa bure mtandaoni. Kozi isiyoonekana humo msiilipie mpaka Baraza lenyewe liwajibu.

Kwa vijana waliosoma maahadi zetu na kupata Thanawi, neno langu ni fupi. Elimu mliyoipata ina heshima yake, nami mwenyewe nimepita chuo cha Kiislamu. Katika mapokeo yetu ijaza ilitolewa na shekhe kwa mwanafunzi aliyemjua uso kwa uso, na watu walimwamini kwa kumwamini shekhe wake. Mwajiri wa leo hamjui shekhe wenu. Anayekwenda kusoma nje kwa cheti hicho ajue kuwa shahada atakayorudi nayo itahitaji kutambuliwa na TCU, na TCU inaweza kuuliza aliingiaje chuoni. Ndiyo maana nawashauri walio maahadi wafanye pia mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanzishwa katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO, nacho hudahili kwa masharti yale yale ya TCU. Jina la chuo halipunguzi sharti.

Kuhusu fedha, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo hutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada pia, ila ni kwa fani za kipaumbele tu. Mzazi asiingize mkopo katika hesabu za ada kabla hajaiona kozi ya mwanawe kwenye orodha ya Bodi ya mwaka huo. Wanaotaka kusomewa mwongozo waje msikitini baada ya Alasiri siku za Jumamosi, na karatasi ya matokeo mkononi.