Usiwashe Moto Kabla Dohani Haijakaguliwa

Kwa ndugu zetu mlioko Uingereza, hasa mnaopanga nyumba za zamani zenye dohani: baridi imeshaanza kuingia na wengi wenu mtataka kuwasha moto wa sebuleni kwa mara ya kwanza tangu majira ya machipuko. Tafadhali msiwashe. Dohani ikaguliwe kwanza, kwa sababu huenda mna kiota cha ndege kilichoziba njia ya moshi, na moshi ukikosa pa kutokea hurudi mlipolala.

Ndege mwenyewe ni kunguru mdogo mwenye kisogo cha kijivu na macho meupe-meupe. Waingereza humwita jackdaw. Kuanzia Machi, dume na jike hudondosha vijiti ndani ya dohani kutoka juu. Vingi hupita hadi chini mekoni, lakini kimoja kikinasa bomba linapopinda, vinavyofuata hukilalia, na rundo hupanda hivyo mpaka likafika mita moja, mbili, au zaidi. Juu yake hutandika sufu ya kondoo, manyoya na vipande vya karatasi, kisha mayai hutagwa mwezi Aprili. Kufikia Julai makinda yamekwisha kuruka. Rundo linabaki pale pale.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Mei walisikia makelele ya makinda ukutani, Julai pakawa kimya, wakaona jambo limekwisha. Sasa ni vuli, kiberiti kiko mkononi, na hakuna anayekumbuka tena habari ya ndege.

Mliokulia nyanda za baridi huku kwetu mnajua kisa cha jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku, mlango ukafungwa, na kulipokucha watu hawakuamka. Gesi iliyowaua ni kaboni monoksidi, na hiyo hiyo ndiyo inayotoka kwenye kuni, makaa ya mawe, hata gesi ya bomba, inapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mwilini hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamshwi nayo.

Msidhani ni habari ya wenye kuni pekee. Nyumba nyingi za kupanga zina hita ya gesi iliyopachikwa mahali pa meko ya kale, nayo hutolea hewa chafu kwenye dohani ile ile. Boila nyingi za kisasa zina bomba lake fupi la kutokea ukutani. Hizo kiota cha dohani hakizigusi. Hita ya zamani ndiyo ya kutazamwa. Madoa ya hudhurungi au masizi ukutani kuizunguka, kimoto cha kuwashia kinachozimika mara kwa mara, madirisha yanayotokwa jasho kuliko kawaida, kijiti kilichoanguka mekoni: ukiona hata kimoja kati ya hivyo, izime. Na kama umeziba tundu za hewa ukutani kwa tambara ili baridi isiingie, zizibue sasa hivi.

Mwilini sumu ya gesi hiyo huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mtu hujiambia ni mafua. Lakini homa hana, mnaumwa nyumba nzima kwa pamoja, na ukitoka nje unapata nafuu. Nawasihi hasa wauguzi na walezi wa wazee, ambao ni wengi katika jamii yetu na hulala mchana baada ya zamu ya usiku: msijipime kwa kile kifaa cha kubana kidoleni mkatulia. Hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kusoma 98 huku mtu anakata roho.

Nunueni king'ora cha kaboni monoksidi leo. King'ora cha moshi hakifanyi kazi hiyo. Tafuta alama ya EN 50291, bonyeza kitufe cha majaribio, soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Chumba cha kulala kinachopitiwa na dohani kiwe na chake, maana gesi hupenya kwenye nyufa, na katika nyumba zilizoungana inaweza kutoka hata kwa jirani. Kikilia, zima moto, fungua milango na madirisha, tokeni nje, kisha piga 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi. Mtu akiwa anaumwa piga 999 na utaje kaboni monoksidi waziwazi, ili damu ipimwe mapema kabla dalili hazijafifia.

Kuna wanaoshauri uwashe moto mkali ili kiota kiteketee. Msithubutu. Vijiti vikavu ndani ya bomba lenye masizi vitaunguza dohani yenyewe, na moto huo unaweza kushika paa. Mwiteni fundi wa kusafisha dohani. Ana fimbo zake za kuzungusha na kuvuta vijiti kidogo kidogo, kisha hufanya jaribio la moshi. Hita ya gesi iguswe na fundi aliyesajiliwa Gas Safe tu, na mwombeni kadi yake. Wakati ni huu, ndege wakiwa wameshatoka, kwa sababu sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inalinda kiota chenye ndege. Kofia ya wavu ifungwe juu ya dohani kabla ya Machi, maana jozi ile ile hurudi.

Najua wengi mnaogopa kumsumbua mwenye nyumba, hasa mliofika juzi. Lakini kule England, tangu Oktoba 1, 2022, ni wajibu wake kuweka king'ora hicho katika kila chumba chenye hita au meko ya kuchoma kuni, makaa au gesi, na vifaa vyake vya gesi lazima vikaguliwe kila miezi 12, nawe upewe nakala ya ripoti. Mwandikie leo na umtumie picha ya vijiti. Mpaka fundi afike, tumieni hita ya umeme na mablanketi, na jiko la mkaa lisivuke kizingiti.