Kuziba pancha nako ni fasihi

Jamani, nani alituambia maandishi ya ufundi si ya kusomwa kwa raha? Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala yangu kuhusu kuziba pancha ya baiskeli. Eti si fasihi. Nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Mjomba, ambaye Jumamosi zake zote ziliishia uani na baiskeli, alinifundisha hivi: jaza tyubu upepo, izamishe kwenye beseni la maji, fuata mapovu. Ikaushe, sugua kwa msasa, paka gundi, kisha subiri. Ukibandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi, kitabanduka. Na kabla hujarudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, maana mwiba ulioitoboa mara nyingi bado upo.

Hivi riwaya ngapi tunazozisifia zinatufundisha kusubiri namna hiyo?

Mjomba alishafariki. Alichojua kuhusu spoki na kunyoosha ringi amezikwa nacho, kwa sababu sisi tuliosoma tulikuwa bize kuchambua sitiari. Hatukumuuliza. Wewe unayefungua redio mbovu kwa kujifurahisha, andika unavyofanya. Nasi wachambuzi tuache kununa, tusome.