Mbegu Bora Ndiyo Itakayoupunguza Mrututu

Mwaka 1845 ukungu wa viazi uliingia Ulaya. Katika nchi ya Ireland, ambako maskini walitegemea viazi kwa chakula chao cha kila siku, watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka iliyofuata, na wengine wapatao milioni moja waliihama nchi yao. Ugonjwa huo ungalipo hata leo. Mvua ikifululiza na hewa ikiwa na ubaridi, shamba lililokuwa kijani kibichi laweza kuwa jeusi kwa siku chache tu. Mkulima aliyeyaona hayo kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya dawa.

Dawa ya kale ya ugonjwa huo ni mrututu uliochanganywa na chokaa. Bwana Millardet, mtaalamu wa mimea wa Bordeaux nchini Ufaransa, aliitangaza mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, na baadaye ikaenea katika mashamba ya viazi. Wakulima wa kilimo hai, ambao hawatumii dawa za kemikali zilizobuniwa viwandani, waliruhusiwa kuendelea kutumia dawa za shaba kwa kuwa shaba ni madini ya asili.

Lakini si kila kilicho cha asili kisicho na madhara. Shaba haiozi. Mvua huiosha kutoka katika majani ikaingia ardhini, na mkulima hulazimika kupuliza tena. Haba na haba hujaza kibaba: kinachopulizwa mwaka huu huongezeka juu ya cha mwaka jana, na kikizidi hudhuru minyoo inayourutubisha udongo, na hudhuru viumbe wa majini. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Kabla ya hapo kanuni za kilimo hai ziliruhusu kilo 6.

Je, ipigwe marufuku leo hii? Wako wanaosema hivyo, nao huenda wana nia njema. Lakini wakumbuke Ujerumani ya mwaka 1916. Shaba ilitakiwa na jeshi, mvua ikanyesha kwa wingi, ukungu ukaharibu viazi, na wakati wa baridi uliofuata wananchi wa mijini waliona njaa kali. Kumnyang'anya mkulima ngao yake pasipo kumpa nyingine ni kumtwisha yeye peke yake gharama ya jambo ambalo faida yake ni ya watu wote. Hilo si haki.

Sisi twaona kwamba shaba yapaswa kupunguzwa, na kwamba njia ya kuipunguza inajulikana. Viazi vya mbegu vichipuzwe kabla ya kupandwa, ili mazao yatangulie kukomaa kabla ugonjwa haujafika. Malundo ya viazi vilivyotupwa yaharibiwe, maana humo ndimo ukungu hujificha. Dawa ipulizwe kwa kiasi kidogo na kwa kufuata utabiri wa hali ya hewa, si kwa mazoea wala kwa hofu. Ugonjwa ukishashika, majani yakatwe mapema ili viazi vilivyo ardhini visalimike.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni mbegu inayostahimili ukungu. Mbegu hizo zipo. Kikwazo ni soko: mfanyabiashara hutaka jina la kiazi alilolizoea, na mnunuzi hufuata kile anachokikuta dukani. Huko Uholanzi, ambako wakulima hawaruhusiwi kabisa kupuliza shaba kuua ukungu, mwaka 2016 ugonjwa uliwapiga vibaya wakulima wa kilimo hai. Mwaka 2017 wazalishaji wa mbegu, wakulima na wenye maduka walitia sahihi mapatano ya kuzipanda, kuzinunua na kuziuza mbegu zenye kustahimili. Hapo ndipo penye somo. Mzigo uliowaelemea wachache uligawanywa kwa wote.

Somo hilo si geni kwetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaijua vema dawa ya shaba, maana wameipuliza miaka mingi kupigana na chulebuni na kutu ya majani. Wanajua pia kwamba miche inayostahimili magonjwa hayo, iliyozalishwa na watafiti wetu wa Lyamungo, huwapunguzia gharama na kazi ya kubeba bomba mgongoni.

Watafiti nao wasilale. Ukungu hubadilika, na kinga moja peke yake huweza kuvunjwa. Yafaa kinga kadhaa ziunganishwe katika mbegu moja. Serikali zigharimie kazi hiyo, wenye maduka wazipokee mbegu hizo, nasi walaji tukubali kiazi chenye jina jipya. Tukimwachia mkulima peke yake, ataendelea kupuliza shaba, wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Udongo tulioukuta haukuwa na sumu. Yatupasa tuwaachie watoto wetu ulio hivyo hivyo.